Kitovu cha Mutoto Kimebaki Kilimani

Kasongo, huku Kilimani, siku ya soko asubuhi

Mama yangu,

Pokea salamu zangu kabla kaka yangu, Yaya Toma, hajakohoa na kuanza kukusomea. Uko je? Muguu ule wa kushoto unakuachia usingizi sasa? Mihogo ya shamba la ng'ambo imeiva? Na paa ya jikoni, waliitengeneza, ao bado munahamisha vyungu mvua ikinyesha? Sisi huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Mume wangu Josefu iko muzima, baiskeli yake ndiyo imechoka kumupita. Na muzima kutupita wote ni huyu mutoto mwenye jina lako, Mwavita. Sasa anakaa mwenyewe kwenye mukeka na kugombana na kuku.

Yaya Toma, wewe unayesoma, ninakujua. Usiruke pahali. Ukifika kwenye maneno yako mwenyewe, soma kwa sauti ileile, usiishushe. Nimemwambia kijana wa pikipiki anayeleta barua hii amuulize Mama: "Walikusomea habari ya mugomba?" Mama akisema hapana, tutaonana.

Mama, neno lenu lilinifika. Muliniambia nilete kitovu cha mutoto kiangazi kikiingia, tuuzishe parseli, kiwanja chetu hiki, turudi Kabambare, kwa sababu udongo wa nyumbani upo na unatungoja. Nitajibu leo, na jibu langu halitageuka. Lakini ninataka kwanza uone kilima hiki kwa macho yangu, kwa sababu hujawahi kukipanda, na Yaya Toma alipita chini sokoni tu, akanunua chumvi, akarudi na hukumu.

Unakumbuka vile tulivyokuja, tukikimbia, na vyungu kichwani. Josefu alisema tutakaa mpaka kule kutulie. Kilima kilikuwa majani matupu na nyumba tatu za udongo. Watu wa muji wa chini, wale wenye nyumba za zamani karibu na musikiti, walikuwa wanasema huko juu ni kwa mbuzi. Leo mbuzi wametafuta pengine. Ukisimama sokoni na kuangalia juu, unaona manjanja ya paa, mabati yetu, yakiwaka jua, yamepangana mpaka karibu na kichwa cha kilima, na katikati paa za majani, na kuta zisizo na paa zinazongoja mwenyewe apate pesa. Hakuna aliyejenga nyumba yake kwa mara moja. Mutu anaanza na chumba kimoja cha miti na udongo, anafyatua matofali kidogo kidogo, anaongeza upande wa kuume. Akizaa, anaongeza upande wa kushoto. Akigombana na shemeji yake, anaongeza mulango wa nyuma.

Asubuhi adhana inapanda kutoka chini. Haijaisha vizuri, kengele ya misioni inaijibu, na jogoo wa jirani anabishana na zote mbili. Kwenye chemchemi, wanawake tukipanga bidoni za maji, unasikia Kibangubangu chetu, Kizimba, Kilega, na Kiswahili cha watu wa muji ambao wanakisema taratibu kama wanakipima. Watoto wanachanganya vyote. Kuna mutoto mumoja wa avenyi yetu, mutaa huu wetu, baba yake ni Mulega, ananitukana kwa lugha yetu vizuri kuliko watoto wako, Yaya Toma. Nilimuchapa, halafu nikacheka peke yangu nyumbani.

Jirani zangu ni wawili, na ninataka uwashike kichwani. Upande wa chini ni Mama Zaina, mwanamuke Muislamu wa familia ya zamani ya muji. Alipanda huku kwa sababu nyumba ya baba yake ilijaa ndugu mpaka barazani. Anauza mikate ya muchele asubuhi. Mudomo wake haupumziki, na mikono yake vilevile. Upande wa juu ni Muzee Kalonda, Muzimba, Mukristo, mulimaji. Alitoka upande wa Lusangi baada ya kuchoka kutafuta dhahabu ambayo haikumutafuta yeye. Pale parseli zetu tatu zinapokutana, yeye alipanda mugomba uwe alama, ili kusiwe na magomvi ya mupaka. Mugomba huo ndio habari yote ya barua hii.

Lakini niseme kwanza ugonjwa wa kilima. Kila nyumba yetu ilitoka ndani ya shimo. Hakuna aliyetaka kubeba udongo wa mbali kupanda nao, basi kila mutu alichimba pembeni ya njia, karibu na mulango wake, akafyatua, akachoma, akajenga, akaacha shimo. Hata sisi. Mvua ikajaza mashimo, ikayafungua moja kwa lingine, na siku moja njia ilikuwa korongo. Hatukuliona likikuja. Tulikuwa tunaangalia kuta zikipanda juu, hakuna aliyekuwa anaangalia chini.

Ee Mama, magomvi! Watu wa juu wanasema ni sisi wa chini tuliochimba zaidi. Watu wa chini wanasema ni manjanja ya watu wa juu yanayotema maji. Wakristo wanasema Waislamu hawakuji kwenye salongo, ile kazi ya wote ya siku ya sita, Waislamu wanasema salongo inapigiwa filimbi saa ya sala. Chefu wa avenyi alikuwa anapiga filimbi mpaka mashavu yanamuuma, na wanaotoka kufanya kazi ni yeye, Muzee Kalonda, na kichaa mumoja anayependa filimbi. Na korongo linapanda. Kila mvua kubwa linakula kidogo, linaelekea kwenye ule mugomba, na nyuma ya mugomba ni ukuta wa chumba chetu.

Sasa sikia habari ya kitovu.

Nilipozaa, wewe ulikuwa mbali, na Josefu alikuwa Nyangwe kufuata samaki. Mama Zaina ndiye aliyenishika mugongo. Alinitukana wakati wote wa uchungu, "Sukuma, weye, unafikiri atatoka kwa barua?" na mutoto alipolia, yeye alilia kumupita. Hapa kilimani mwenye kuzaa hagusi maji. Wanawake wa jirani wanamufulia na kumupikia mpaka apate nguvu, hawaulizi wewe ni kabila gani. Kitovu kilipoanguka, nilikifunga kwenye pembe ya kitenge ulichonipa, fundo juu ya fundo, kama ulivyonifundisha: kikauke, kingoje, kifike nyumbani, bibi mwenyewe akizike chini ya mugomba nyuma ya nyumba, pale walipozika changu na cha Yaya Toma. Na mukungu wa kwanza wa mugomba ule, bibi peke yake ndiye anaukata. Sikusahau hata kimoja, Mama. Nililala juu ya kitenge kile.

Basi siku moja nikaona kitenge kimeanikwa juu ya kamba, kimefuliwa, pembe zake zote zimenyooka. Nikaita kwa sauti:

"Mama Zaina! Fundo ya kitenge iko wapi?"

"Nilifungua. Fundo haifuliwi."

"Na kile kilichokuwa ndani?"

"Kimelala pahali pake. Weye Feza, hata! Kitovu cha mutoto unakifunga kwenye nguo sawa chumvi? Panya akikibeba, mutoto atahangaika maisha yake yote. Nimekizika chini ya mugomba. Muzee Kalonda amechimba, mimi nimeomba dua, na yeye amefanya musalaba wake. Tumemaliza."

Alikuwa anafuta mikono na kufurahi, Mama, kama mutu aliyekupa zawadi. Kwao kitovu hakilali juu ya udongo. Kwetu hakizikwi bila bibi. Hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenzake. Nilimutolea maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu Yaya Toma angeyakamata na kuyatumia kwa muke wake. Mama Zaina alinyamaza. Huyo mwanamuke, kunyamaza! Siku zilizofuata hakuingia kwangu, lakini kila asubuhi nilikuta kibakuli cha uji mbele ya mulango, kimefunikwa, cha moto. Nilikunywa kwa hasira.

Nikawatumia neno nyumbani, sikutaka kuwaficha. Na jibu likarudi kwa mudomo wa kijana wa pikipiki, ambaye alilisema mbele ya watu wote: "Chimbua, funga, leta. Mutoto ambaye kitovu chake iko kwa watu wa kuokotaokota, atakuwa mutoto wa nani?"

Yaya Toma, hayo ni maneno yako. Umeyasoma kwa sauti ileile?

Yaliniumiza, sifichi. Nilijiuliza usiku na muchana mutoto huyu ni wa nani. Josefu, unamujua, alisema, "Kitovu ni cha wanawake, mimi nitafuata." Basi nikamufunga mutoto mugongoni, nikachukua jembe, nikaenda kwenye mugomba. Mbingu upande wa Lualaba ilikuwa nyeusi. Muzee Kalonda alikuwa anakaa mbele ya nyumba yake anatengeneza mupini wa jembe lake. Aliona jembe, akajua.

"Chimba, mama," aliniambia. "Kitovu ni chako. Lakini angalia kwanza pale unapokanyaga."

Nikaangalia. Korongo lilikuwa limefika karibu na mugomba, mukono wangu ungegusa pande zote mbili. Mizizi yake mingine ilikuwa inaning'inia nje. Kilichokuwa kinashika udongo pale ni mugomba peke yake. Nikichimba, ninalifungulia korongo mulango wa nyumba yangu. Nisipochimba, mvua hii ao ile nyingine inabeba mugomba, inabeba kitovu cha mutoto wangu, inakitupa Lualaba, na hata Mungu hatajua pa kukiokota.

Mama, nilikasirika. Sikuwakasirikia ninyi, wala Mama Zaina. Nililikasirikia lile shimo. Nilijisikia kama limenicheka. Nikaruka ndani na mutoto mugongoni, nikaanza kukata mutaro wa kugeuza maji kabla hayajafika kwenye mugomba. Nilikuwa ninapiga jembe na kulia. Mama Zaina akatoka na unga wa muchele mikononi.

"Weye, unataka kumuzika na mutoto? Toka humo!"

"Sitoki! Wewe ndiye ulikiweka hapa, uje ukilinde!"

Alisimama. Halafu akakunja kitenge chake, akashuka, akanifungua mutoto mugongoni, akamupa binti yake, na akachukua jembe la Muzee Kalonda mukononi mwake kabla hajamupa ruhusa. Muzee akashuka nyuma yake na mawe. Tulifanya kazi bila kusemeshana. Watu waliokuwa wanapanda kutoka soko wakasimama juu ya korongo na kuangalia, kama kawaida ya watu wa kilima hiki. Mwanaume mumoja wa juu, yule mwenye manjanja mengi, akauliza kwa kucheka ni salongo gani hii bila filimbi.

Mama Zaina alinyoosha mugongo, akamuelekezea jembe. "Kitovu cha mutoto iko chini ya mugomba huu. Weye cheka."

Hakucheka tena. Ninakuambia ukweli, Mama, niliona nyuso zao zikigeuka moja moja. Kwa sababu Muzimba iko na sheria yake juu ya kitovu, Mulega iko na yake, Mubangubangu iko na yake, mutu wa musikiti iko na yake, na zote haziko sawa, tumeshaona. Lakini hakuna kabila hapa juu linaloweza kusimama na kuangalia maji yakibeba kitovu cha mutoto. Yule wa manjanja aliweka mufuko wake wa soko chini. Akavua viatu. Wanawake wa chemchemi wakaacha bidoni. Walioshuka mashimoni wakajaza mifuko ya muchanga, wengine wakaleta matofali yaliyovunjika ya tanuru zao, vijana wakakata mianzi na kuipanda kwenye ukingo. Chefu wa avenyi alifika akikimbia na filimbi yake, akakuta kazi inaendelea, akairudisha mufukoni. Huyo kichaa tu ndiye aliyesikitika.

Mvua ilituangukia tukingali ndani. Tulisimama chini ya paa ya Muzee Kalonda, tumejaa udongo mpaka kwenye nyusi, tukiangalia. Maji yalikuja mekundu, yakapiga kelele, yakafika kwenye mutaro. Yakageuka. Yakapita upande wa mawe, yakashuka kwa njia yake. Mugomba ulitikisika, ukasimama. Mama Zaina alinishika mukono bila kuniangalia na kusema, "Kesho nitaleta uji mwenyewe, nimechoka kuacha bakuli mulangoni sawa mwizi." Nilimukumbatia pale pale. Nilikuwa nimemukumbuka sana, Mama, na alikuwa anakaa hatua chache kutoka kwangu.

Tangu siku ile salongo inajaa. Tulikata shauri, hakuna tofali tena inayofyatuliwa kilimani, kila mutu akatafute udongo kule chini bondeni na kuupandisha. Josefu anaupandisha kwa baiskeli na kulaumu kila jiwe la njia. Wenye manjanja wamechimba mitaro nyuma ya nyumba zao. Saa ya salongo imehamishwa baada ya sala na kabla ya misa, na ilituchukua magomvi mengi kuipata saa hiyo. Usifikiri tumekuwa malaika. Wiki iliyopita tu tumegombana kwa sababu ya choo cha mutu mumoja, na mimi nilikuwa mbele. Korongo halijafa, limelala. Kila mvua tunaenda kuliangalia.

Sasa jibu langu. Sitachimbua kitovu. Parseli hatuuzishi. Matofali ya chumba cha tatu yameshachomwa, na chumba hicho mulango wake unaangalia jua la asubuhi, kwa sababu ni chako. Ninajua kaburi la Baba iko huko, na kitovu changu mwenyewe iko huko, na hakuna siku sijafikiri juu ya uwanja wetu. Ninaumia, Mama. Kuna jioni ninapika sombe ya majani ya muhogo na harufu yake inanikumbusha sauti yako, ninaacha mwiko na kukaa chini. Lakini sikuacha kuwa mutoto wako kwa kupanda kilima. Na wewe Yaya Toma, uliuliza mutoto huyu ni wa nani. Ni wa Mwavita wa Kabambare, ambaye amepewa jina lake. Na ni wa watu waliovua viatu na kushuka ndani ya korongo kwa ajili yake. Ndiyo, tumeokotwaokotwa, huku mumoja, kule mumoja. Hata kuni zinaokotwa hivyo, na chakula kinaiva.

Munisalimie Shangazi yangu, dada ya Baba, yule anayesema mimi ni mukaidi, mumwambie hakukosea. Munisalimie muke wa Yaya Toma, na mumupe pole yangu kwa mume aliyemupata. Munisalimie mwalimu muzee aliyenifundisha kuandika, aone hati yangu haijaharibika sana. Josefu anakusalimia na magoti chini. Muzee Kalonda anakusalimia kwa Kizimba, nimekataa kuandika kwa sababu ni murefu wa maneno. Mama Zaina anasema, "Mugeni njoo, mwenyeji apone," na anasema pia iko na neno la kukuambia uso kwa uso, juu ya kitovu. Nafikiri ni musamaha, lakini hatalisema hivyo.

Na neno la mwisho, Yaya, simama wima ukilisoma.

Mugomba umetoa mukungu. Ni mukubwa, umenenepa, unainama upande wa korongo, tumeuwekea muti wa kuushikilia. Niliwaeleza watu hapa desturi yetu, na tangu siku hiyo hakuna anayeugusa, hata Muzee Kalonda aliyeupanda kwa mukono wake. Watoto wakiukaribia, Mama Zaina anatoka na mwiko. Muzee amenoa panga lake, ameliweka juu ya mulango, na amesema halishuki mpaka likamatwe na bibi ya mutoto. Kijana wa pikipiki iko na kiti kizuri nyuma, nimekijaribu, na barabara imeanza kukauka. Ndege wameshaanza kuuangalia mukungu, Mama, na sisi kilima kizima tunawafukuza, tukikungoja wewe.

Mutoto wako asiyegeuka,
Feza, mama ya Mwavita